Mjukuu Aliyeosha Mifupa

Mke wangu aliitwa Delfina Yep. Ana miaka miwili na miezi mitatu chini ya udongo. Kwenye kitambaa cha nasaba ya ukoo wake, kitambaa chekundu cha mita tisa kilichotundikwa ukutani katika jumba la ukoo hapa mjini kwetu, jina lake halimo. Niliyasoma majina yote, kwa kidole, siku mbili. Ni watu mia mbili na kumi na wanne. Yumo mpwa aliyefungwa kwa kuiba mabati ya kanisa. Yumo mtoto aliyekufa siku ya pili, kabla ya kupewa jina, ameandikwa "mwana". Delfina hayumo.

Nilitaka aandikwe, karibu na babu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemtunza. Sikutaka kingine kwa watu wale.

Nitasema alikuwa nani, maana wao hawatasema.

Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, baina ya magunia ya mchele na mitungi ya mchuzi wa soya. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alikufa kwa uzazi, akaacha kitoto cha kiume, Teófilo. Delfina akatolewa shule, darasa la pili, ili amlee. Alimbeba mgongoni akipika, akipepeta mchele, akipima sukari. Teófilo alimwita mama mpaka alipoanza shule. Wenzake wakamcheka, akaacha siku hiyo hiyo. Ni mwepesi wa kuacha, Teófilo.

Pale nyumbani alikuwepo bibi yao mzaa baba, Natividad Chumán, mwenyeji wa bonde hili, mfupi, mweusi wa jua, nywele zinamgusa kiunoni. Mumewe alikuwa Mchina wa kwanza wa ukoo, Yep Sam, aliyekufa kabla Delfina hajazaliwa. Natividad ndiye aliyemsimulia mjukuu habari za mzee huyo, huku wakinyonyoa kuku. Kwamba aliletwa na meli akiwa na miaka kumi na minane, kwa mkataba wa miaka minane, walipanda watu mia nne wakashuka mia tatu. Kwamba alikata miwa katika shamba la Santa Rufina, jioni anafungiwa ndani kama mbuzi. Kwamba kinu cha miwa kilimvunja mguu wa kushoto na hakuna aliyejali kuuunga, ukajiunga wenyewe, umepinda. Kwamba mkataba ulipokwisha alianza kuuza wali kwa sahani nje ya lango la shamba, na mpishi wa huo wali alikuwa Natividad. Watu hudhani kila Mchina anajua kupika. Yule alishindwa hata na chai.

Duka lilitoka kwenye sahani hiyo. Kila alicho nacho ukoo wa Yep kimetoka kwenye sahani hiyo.

Nilimkuta Delfina ana miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa mbeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba yake alinitazama toka juu hadi chini, akamwambia mbele yangu:

"Yaani unaolewa na gunia?"

"Gunia hili lina kitu ndani, baba. Hao unaoniletea wewe ni bahasha nyekundu za sikukuu. Nje zinang'aa, ukifungua hamna kitu."

Mzee akacheka, akakubali. Hakunikaribisha mezani kwake kwa miaka minne, lakini alikubali.

Hatukupata mtoto. Tulikaa miaka arobaini na tisa. Aliuza mikate ya mvuke yenye nyama kwenye kona ya soko, kila asubuhi, mikono ikanuka tangawizi hata Jumapili. Siku hizi nanunua tangawizi, naiweka jikoni, inakauka. Basi.

Yep Sam alikataa kubatizwa, kwa hiyo padri alikataa kumzika. Wachina wa namna hiyo walizikwa kwenye vilima vya udongo vilivyojengwa na watu wa kale, kabla Wahispania hawajafika. Huku twaviita huaca. Vilima havikuwa na mwenyewe, na maiti wale hawakuwa na wa kuwapokea. Natividad alimwonyesha Delfina mahali penyewe: upande wa baharini, hatua arobaini kutoka kwenye mfereji. Kila mwezi wa nne, siku ya Wachina ya kusafisha makaburi, Delfina alikwenda na bata, bakuli tatu za wali na chupa ya pombe kali ya miwa. Mwanzo kwa punda, baadaye juu ya baiskeli yangu, bata mapajani. Teófilo aliitwa kila mwaka. Kila mwaka alikuwa na mafua.

Mwaka wa sabini na moja serikali ilikuwa imekwisha kuwagawia vibarua mashamba makubwa, na matrekta yakaja kusawazisha ukingo wa kilima ili walime mpunga. Delfina alisikia habari sokoni. Alifika nyumbani hajauza hata nusu ya mikate.

"Isidro, chukua sururu. Na mwavuli."

"Mwavuli wa nini? Huku mvua tunaisikia redioni."

"Mifupa ya mtu haitakiwi kuona jua. Chukua mwavuli, usiniulize maswali."

Nilichimba mimi, akaokota yeye. Kisha nikashika mwavuli wakati anaosha mfupa mmoja mmoja kwa pombe, ndani ya beseni letu la kuogea. Hakulia. Alikuwa anazungumza naye. "Babu, geuka kidogo. Babu, huu ndio ule mguu?" Ndio ulikuwa ule mguu, umepinda kama mkono unaobeba mtoto. Akampanga kwenye debe la mafuta ya nguruwe kwa utaratibu wao: nyayo chini, juu yake miguu, kiuno, mbavu, mikono, fuvu mwisho, ili mtu akae kitako kama mtu. Kazi ya kutwa nzima. Mkono ulipokufa ganzi nilihamisha mwavuli, akafoka, "Jua, Isidro! Jua hilo!" Dereva wa trekta alizima mashine akakaa kutungoja. Yule bwana simjui jina. Alikuwa na adabu kuliko ukoo mzima.

Kesho yake tulimpeleka makaburi ya mji. Tukafungua kaburi la Natividad, ambalo Delfina alilinunua kwa mikate yake, tukamweka mzee miguuni pa mkewe. Mchimba kaburi hakuandika kitu kitabuni, kwa sababu kibali kilitaka vyeti na Yep Sam hakuwa na cheti cha chochote. Delfina alikwenda kumwambia Teófilo siku ile ile. Alimkuta anapanga kreti za bia.

"Nimemhamisha babu. Yuko kwa bibi."

"Vizuri, dada," alisema, akaendelea kupanga.

Delfina alipokufa nilimzika humo humo. Karatasi ya kaburi, hati ya mwenye nalo, ikabaki mkononi mwangu; bila sahihi yangu halifunguliwi.

Sasa Teófilo. Alipokwisha kuwa na migahawa mitatu na mashine ya mpunga, aliona kuna kitu kimepungua, na kitu chenyewe ni babu. Babu aliyekuwa naye hakumfaa. Akamleta bwana mmoja kutoka Lima, Edgardo Kuan, mtaalamu wa kufuatilia nasaba, suti rangi ya maziwa, kucha zimekatwa vizuri. Kuan alitumwa China kwa nauli ya Teófilo. Alirudi na picha za kijiji, mfuko wa udongo, na nakala ya kitabu cha ukoo. Na babu mpya. Yep Sam sasa alikuwa mwana wa tatu wa ofisa wa mfalme, mfanyabiashara wa hariri, aliyesafiri kwa starehe zake kuja kutazama masoko ya ng'ambo. Kuhusu mguu hakukuwa na neno.

Kitambaa kikashonwa. Juu kabisa Yep Sam, peke yake. Chini yake watoto sita, bila mama. Mwanamume mmoja, peke yake, amezaa sita. Kuan alieleza kwamba vitabu vya kule haviandiki wanawake, ndiyo desturi. Lakini mke wa Teófilo yumo, kwa herufi za dhahabu. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni kwa heshima tu.

Wakajenga kibanda kizuri uani pa jumba, paa la vigae vya kijani, na katikati mahali pa kumweka babu. Kilichobaki ni babu mwenyewe. Hapo ndipo wakakumbuka kwamba Delfina alikuwa anajua alipolala, na kwamba Delfina alikuwa na mume.

Walikuja mwezi wa pili, mwaka jana, Teófilo na Kuan. Ilikuwa mara ya kwanza Teófilo kuingia nyumbani kwangu tangu mazishi. Alikaa kwenye kiti cha dada yake bila kuuliza.

"Shemeji, umezeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Hahaa! Huyu ndiye shemeji yangu," akamwambia Kuan. "Mdomo wake huu alifundishwa na dada." Kisha akanigeukia. "Sikiliza. Tunamtafuta babu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka dada kule kilimani. Tuonyeshe mahali, na siku ya sherehe utakaa meza ya mbele."

"Kilimani hayupo. Delfina alimtoa mwaka wa sabini na moja. Yuko kaburini kwa Natividad, ndani ya debe. Delfina mwenyewe alikwambia."

"Mimi? Lini?"

"Ulikuwa na kreti."

Kuan aliinama mbele, sauti ya daktari anayezungumza na mgonjwa. "Mzee wangu, nakuelewa. Mtu akifiwa, kumbukumbu huchanganyika. Hiyo desturi ya kufukua na kuosha ni ngumu, ina wataalamu wake. Mama muuza mikate hawezi..."

"Aliweza. Nilikuwepo."

"Debe la nini hilo?" akauliza Teófilo.

"La mafuta ya nguruwe."

Alisimama. "Mwana wa ofisa wa mfalme! Babu yangu mimi! Kwenye debe la mafuta ya nguruwe!"

"Lilioshwa."

"Unataka nini, shemeji? Sema tu unataka nini."

Nikasema. Kwenye kitambaa aandikwe Natividad Chumán kando ya mumewe, na Delfina Yep chini yao. Wakishaandika, natia sahihi karatasi ya kaburi, tunafungua, wanamchukua mzee wao kwa heshima zote, miguu na fuvu. Na mguu uliopinda watauona kwa macho yao.

Teófilo alimtazama Kuan. Kuan akatazama kucha zake.

"Bibi hakuwa na nasaba," Kuan akasema taratibu. "Hatuna wa kumwunganisha naye. Na binti akiolewa huhesabiwa kwa mumewe. Nikimwingiza mmoja, kesho watakuja mabinti sitini."

"Si ni watoto wenu?"

"Dada nilimpenda," akasema Teófilo, "lakini hili ni jambo la ukoo." Akavaa kofia. Mlangoni akaongeza, kama anayemwonea mtu huruma: "Umebaki peke yako, shemeji, unataka watu waje wakubembeleze. Sawa. Tutamtafuta wenyewe."

Wakamtafuta wenyewe.

Hatua arobaini kutoka kwenye mfereji sasa ni shamba la mpunga, basi wakapanda juu zaidi, na Kuan akashika dira ya Kichina yenye duara nyingi, akazunguka nayo mpaka ikamwambia hapa. Kuchimba vilima vya kale kumekatazwa; siku hiyo mlinzi hakuona kitu. Kufika saa nne walikuwa wamepata mtu. Yeyote achimbaye pale hupata mtu. Kilima kile kimejaa watu kama gunia la maharage.

Sherehe ilikuwa mwezi wa nne. Nilikwenda. Nilivaa shati alilonishonea Delfina, na meza ya mbele hakukuwa na kiti changu, nikakaa na wapiga ngoma ya simba, ile ya Kichina ya kucheza na kinyago. Mifupa ilikuwa kwenye sanduku la kioo ili kila mtu aione kabla haijawekwa kibandani. Walikuwa wamempanga, na kwa hilo sasa wao ndio wajuzi, fuvu chini na nyayo juu. Amesimama kwa kichwa, maskini.

Fuvu lilikuwa bapa kisogoni, kama limekandamizwa na ubao. Kuan alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tazameni kisogo hiki. Watoto wa wakubwa katika China ya zamani walilalia mito ya kauri tangu uchanga. Hii ndiyo alama ya nyumba bora!"

Wakapiga makofi.

"Na mdomoni tumemkuta na kipande cha shaba. Sarafu ya safari, kama desturi yetu inavyotaka!"

Wakapiga makofi zaidi. Mke wa Teófilo akafuta machozi, kwa uangalifu, asiharibu rangi ya macho.

Mtu yeyote aliyechunga mbuzi katika bonde hili amewahi kuokota fuvu la namna hiyo. Watu wa kale, wale waliojenga vilima na kufinyanga vyungu vyenye sura za watu, walifunga kichwa cha mtoto kwenye ubao akakua hivyo. Na wafu wao waliwatia shaba mdomoni. Hata mpiga ngoma aliyekaa nami alijua, alininong'oneza, "Mzee, huyo si yule wa kwenye vyungu?" Nikatazama miguu. Yote miwili ilikuwa imenyooka kama mishumaa.

Nilimfuata Teófilo alipokuwa anapokea pongezi. Nilisema kwa sauti ndogo, sikutaka kumwaibisha. Niseme kweli: nilitaka, lakini nilijizuia.

"Teófilo, huyo ni mtu wa kale. Ni mfinyanzi wa vilimani, mtoe umrudishe kwake. Babu yako yuko nilikokwambia."

"Kula, shemeji. Chakula kipo."

"Mguu. Tazama mguu tu."

"Kula," akasema, na meno yanacheka kwa ajili ya wapiga picha. "Au ondoka."

Nikala. Bata alikuwa mkavu.

Kisha wote wakainama mbele ya sanduku, mara tatu, watu mia tatu waliovaa vizuri. Walikuwa wamekataa kumwandika Natividad Chumán kwa kuwa ni mwenyeji asiye na nasaba. Na sasa walikuwa wanamsujudia mtu wa kwao Natividad, na kumwita baba wa ukoo. Nilitamani Delfina awe kando yangu, anikanyage mguu chini ya meza nisicheke. Nilimkosa pale kuliko siku ya mazishi.

Nikarudi nyumbani na kuelewa kwamba kwenye kitambaa hataandikwa kamwe. Mwezi wa tisa nilikwenda kwa Casimiro, mchonga mawe, nikamwambia anichongee jiwe la kaburi. Akauliza maneno gani. Nilikuwa nimeyafikiria miezi mitano.

*Natividad Chumán. Yep Sam, mumewe, mkata miwa. Delfina Yep, mjukuu wao, aliyeosha mifupa ya babu yake.*

"Mkata miwa?" akasema Casimiro. "Watakuua."

"Chonga."

Lilisimamishwa mwishoni mwa mwezi wa kumi. Siku ya wafu, tarehe mbili Novemba, mji wote huwa makaburini na maua na vyakula, na mji wote ulisoma. Walikuwa wanasoma kwa sauti, wanaitana. "Njooni muone, huyu Mchina si yuko jumbani?" Saa tano hivi Teófilo akafika, ameloa jasho, suti nyeusi, watu wanampisha njia.

"Ondoa jina la babu yangu hapo."

"La nani?"

"Usinifanye mjinga. Babu yangu yuko kwenye kibanda chake, dunia nzima imemwona."

"Basi huyu ni mwingine. Anakusumbua nini?"

"Mkata miwa! Umeandika mkata miwa!"

"Ningeandika mkata miwa kilema. Casimiro alisema nafasi haitoshi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Teófilo aligeuka kumtafuta, hakumwona.

"Nakwenda manispaa," akasema. "Naleta watu wao, waling'oe jiwe hili leo hii. Umeandika uongo juu ya marehemu."

"Nenda. Watataka kufungua waone. Karatasi ya kaburi hii hapa." Niliitoa mfukoni, nikaikunjua. "Natia sahihi sasa hivi, mbele ya watu hawa. Huna haja ya manispaa. Mchimbaji yule pale na sepetu. Fungua, Teófilo. Chini utamkuta dada yako, utamsogeza. Kisha bibi yako. Miguuni pake kuna debe. Likikosekana debe, au akikosekana ndani yake mtu wa mguu uliopinda, nitalifuta jina hilo kwa meno."

Muuza mishumaa aliacha meza yake akasogea aone.

Teófilo alitazama karatasi, akatazama udongo. Nilimwona usoni. Hakuwa mtu anayehisi anadanganywa. Alikuwa mtu anayekumbuka. Nadhani alijua toka siku ile ya kreti, na alijua alipokaa kwenye kiti chake Delfina, na alijua wakati wanapiga makofi. Akifungua, mfinyanzi anatoka kibandani mchana kweupe, na kitambaa cha mita tisa kinashonwa upya, na mama wa wale watoto sita anapata jina.

"Nimwite mchimbaji?" nikamwuliza.

"Dada asingependa asumbuliwe," akasema.

Akageuka akaenda zake, na kofia ameisahau juu ya kaburi la jirani. Hakuna aliyemkimbilia nayo.

Huu ni mwezi wa tatu wa mwaka mpya. Manispaa hawajaja. Jumbani wanaendelea kuinama mara tatu, na sina la kuwafanya. Lakini kila apitaye njia ya makaburi husoma jina la Delfina chini ya jina la babu yake, limechongwa kina cha kidole, na Casimiro anasema haliwezi kufutika.